Aliyesema Tungoje

Kwetu Bukavu mtu akifa, kuna kiti kimoja matangani ambacho hakuna anayekitamani, ila lazima kikaliwe. Ni kiti cha plastiki kama vingine, kinawekwa karibu na mlango, chini ya turubai. Anayekikalia ana kazi moja tu: kueleza ugonjwa. Majirani wakifika, anaeleza. Hao wakitoka, wanaingia watu wa shirika la parokia, wanaimba wimbo mmoja, wanakaa, kisha mkubwa wao anainama kidogo na kuuliza, "Bilikuwa aje?" yaani ilikuwaje. Basi anaanza upya, kuanzia siku marehemu alipoumwa hadi pumzi ya mwisho. Halafu wanakuja wafanyakazi wenzake, halafu jamaa wa Katana waliopanda gari asubuhi na mapema, halafu wale waliochelewa kupata habari. Kila kundi lina haki ya kusikia yote. Kufupisha ni dharau.

Mdogo wangu alipofariki, kiti hicho nilipewa mimi.

Sikuomba. Aliyeamua ni baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, na katika ukoo wetu baba mkubwa akishaamua, mengine ni kupoteza muda. "Prof akae pale," alisema. "Yeye njo anajua maneno ya munganga." Njo ni ndiye, munganga ni daktari, na mimi si daktari. Nafundisha fiziolojia kwenye shule ya wauguzi, yaani nafundisha jinsi mwili unavyofanya kazi ukiwa mzima. Ukiharibika nawaachia wenyewe. Lakini jaribu kuwaeleza hilo watu wa ukoo. Kwa miaka mingi wameniuliza juu ya vipele, meno, mimba na presha, na kwa miaka mingi nimewajibu, kwa sababu, nikiri tu, napenda kuulizwa. Matatizo yote ninayoyaeleza hapa yalianzia kwenye kupenda huko.

Nilikikalia kile kiti siku nne. Nyumba ya mdogo wangu iko Kadutu, kwenye kipande cha udongo kilichokatwa mlimani: nyuma ukuta wa mawe, mbele mteremko, na katikati uwanja mdogo uliojaa watu. Hata kwenda msalani ilibidi nivuke magoti ya ukoo mzima, na kila goti lilikuwa na swali. Mvua ikinyesha, turubai lilivimba juu ya kichwa changu mpaka mtu alisukume kwa fimbo. Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi. Ndani, kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, alikaa mjane, shemeji yangu, pamoja na wanawake wengine. Kati ya godoro lake na kiti changu hazikuzidi hatua tatu. Kila nilichosema alikisikia.

Mara ya kwanza nilieleza vizuri, kwa sauti ya darasani. Tumbo lilimshika Jumanne jioni. Tulidhani ni gastriti yake ya siku zote, tukangoja. Ijumaa asubuhi tumbo likawa gumu kama ubao, tukampeleka hospitali, wakampasua, wakakuta kidole tumbo kimeshapasuka na usaha umeenea kote. Jumamosi saa sita mchana akatutoka.

Watu walitikisa vichwa. Kisha mzee mmoja wa shirika, mtu mpole kabisa, akauliza, "Lakini nani alisema mungoje?"

Macho yote yalinigeukia. Nikajibu, "Pale nyumbani. Walidhani ni gastriti."

Ni hilo tu. Sikuapa, sikumtaja mtu. Kundi lililofuata nililiambia moja kwa moja kwamba mke wake alidhani ni gastriti, maana kama si mimi na ni pale nyumbani, angekuwa nani mwingine? Siku ya pili nilisema mke wake alimpa kidonge, akasema tungoje kesho. Siku ya tatu kidonge kilikuwa na kikombe cha maji, cha plastiki, cha kijani. Siku ya nne nilimwona kabisa: amesimama kando ya kitanda, kikombe mkono wa kulia, anasema kwa sauti ya chini, "Tungoje kesho." Nilieleza, watu wakalia, nami nikalia pamoja nao, machozi ya kweli. Msidhani nilikuwa natia chumvi kwa makusudi. Mtu anayetia chumvi anaijua chumvi yake. Mimi niliamini.

Na yeye hakutoka nje kukana. Nilisema moyoni, angekuwa na la kusema angelisema.

Mwaka uliofuata haukuwa mzuri kwake. Wanawake wa ukoo walimsalimu kwa ncha ya vidole. Aliyekwenda kumtembelea alikaa dakika chache na hakugusa chakula. Kila jambo lilipojadiliwa, mtu mmoja angesema, "Si njo ule alisema tungoje?" na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa na hasira naye. Nilipita pale Jumapili, nikawapa watoto wake wawili wa kike biskuti, nikaondoka bila kukaa. Kisha baba mkubwa akaanza kusema kwamba kiwanja kile ni cha ukoo, kwamba misa ya mwaka mmoja ikishasomwa na nguo nyeusi zikishavuliwa, wanaume watakaa na kukata maneno: mwanamke arudi kwao Sange, watoto wabaki kwa baba yao. Baba yao yuko kaburini, lakini kwetu ndivyo inavyosemwa. Maana yake ni kwamba shemeji angeshuka peke yake kwenye barabara ya Uvira, barabara ambayo kwa vita vya siku hizi leo inapitika, kesho haipitiki, na wasichana wake, mmoja wa miaka tisa na mwingine wa sita, angewaacha mlimani.

Niliona ni kali kidogo. Sikuona ni dhuluma.

Wiki chache kabla ya ile misa nilikuwa na somo la kumbukumbu kwa mwaka wa pili. Ni somo ninalolipenda. Niliwaambia wanafunzi wasidhani kumbukumbu ni picha iliyotundikwa ukutani. Ni kazi ya ujenzi. Seli mbili za neva hazigusani. Kati yao kuna upenyo, sinapsi, na seli ya kwanza inamwaga humo kemikali iitwayo glutamati. Ng'ambo ya pili kuna vipokezi, na kimoja kati ya hivyo mlango wake umezibwa na chembe ya magnesiamu. Jambo dogo haliondoi kizibo. Jambo zito, hofu au kifo, linaisukuma seli mpaka kizibo kinatoka na kalsiamu inaingia. Kalsiamu inaamsha vimeng'enya, vimeng'enya vinapelekeana habari hadi ndani ya kiini cha seli, na huko protini fulani, ambayo vitabu huiandika kwa herufi nne, inawasha jeni. Jeni zinatoa agizo, agizo linageuzwa kuwa protini mpya, na protini hizo ndizo zinazokaza kiungo kati ya seli na seli: vipokezi vinaongezeka, kijichipukizi kinanenepa. Kazi hiyo inachukua saa kadhaa. Ikiisha, jambo limekaa, linaweza kukaa miaka.

Waliandika. Halafu nikawapa ile sehemu inayowashtua kila mwaka. Jambo lililokaa, niliwaambia, halikai moja kwa moja. Unapolikumbuka, hasa likija pamoja na kitu kipya ambacho hukukitarajia, kiungo kinalegea. Baadhi ya protini zilizokishika zinatiwa alama, zinavunjwavunjwa, na seli inalazimika kutengeneza nyingine ili kukikaza tena. Panya aliyefundishwa kuogopa sauti fulani, ukimkumbushia ile sauti na wakati huohuo ukamchoma dawa inayozuia protini kutengenezwa, kesho hofu yake haipo au imepungua sana. Ukimpa dawa hiyohiyo bila kumkumbushia, hofu inabaki palepale. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana ni kumbukumbu zipi na kwa kiasi gani. Lakini chukueni hivi: simenti iliyokwisha kukauka inarudi kuwa mbichi kila unapoikumbuka, na kinachoikanyaga wakati huo kinaacha alama yake ndani.

Mama mmoja, muuguzi wa siku nyingi aliyerudi shuleni kutafuta diploma, aliinua mkono. "Prof, sasa siye tutajua aje ile ya kweli, kama mugonjwa anarudilia histoire yake kila siku?"

"Angalieni fishi yake ya hospitali," nilijibu. "Karatasi haikumbuki kitu. Inakaa tu."

Darasa lilicheka. Nilirudi nyumbani nimejaa fahari, kama kawaida yangu baada ya somo zuri. Nawaambia hivi ili mjue kiasi cha upofu wa mtu msomi: nilieleza yote hayo na hayakunigusa hata unywele.

Jumapili iliyofuata mchana, mke wangu akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilikuwa natafuta picha ya mdogo wangu ya kuchapisha kwenye karatasi za misa. Nikaikumbuka simu yake. Siku tulipogawana vitu vyake mimi nilipewa koti, saa na simu, na simu niliitupia kwenye droo bila hata kuiwasha, kwa sababu sikutaka kuona jina langu ndani yake. Kioo kilikuwa na ufa. Niliichomeka kwenye umeme, ikawaka, nikafungua picha, hazikunipendeza. Nikafungua mazungumzo yetu mimi na yeye, nikidhani labda niliwahi kumtumia picha nzuri.

Mwisho wa mazungumzo kulikuwa na sauti tatu. Jumatano, ile Jumatano.

Ya kwanza ilikuwa ya shemeji, ambaye huniita tonton, yaani ami, kama watoto wake wanavyoniita. Nikakumbuka kwamba siku zile simu yake ilikuwa imeharibika na alitumia ya mume wake. "Tonton, bonjour. Papa wa batoto, tumbo inamuuma tangu jana, upande ya kuume, iko anatapika. Niko nataka nimupeleke hôpital saa hii. Unasema aje?"

Ya pili ilikuwa sauti ya mwanaume. Alikuwa anacheka kidogo, kicheko cha mtu anayewatuliza watu. "Bonjour, maman. Hapana, hapana, musikimbie na hôpital. Ile ni gastrite yake ya siku yote. Umupe dawa ya tumbo, alale. Tungoje kesho, nitapita nimuangalie."

Ya tatu ilikuwa fupi. "Sawa, tonton. Weye njo unajua."

Nilikaa pale kitandani, simu mkononi, waya wake mfupi ukinivuta kuelekea ukutani kwa sababu betri ilikuwa bado tupu na haikukubali kuchomolewa. Nilisikiliza tena. Sauti ya pili ilikuwa yangu. Hakuna namna ya kuibishia. Hata kile kikohozi changu cha mwisho wa sentensi kilikuwamo. Na kesho yake sikupita. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha.

Mngetegemea kwamba pale pale kila kitu kilinirudia. Hakikurudi. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kosa lenyewe. Nilisikiliza sauti yangu ikisema tungoje kesho, na wakati huohuo kichwani nilimwona yeye, amesimama kando ya kitanda, kikombe cha kijani mkononi, midomo yake inasema maneno yale yale. Nilifumba macho nikajaribu kujiona mimi na simu, niko wapi, nimevaa nini, nasema nini. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na ukuta. Na kando ya ukuta huo, safi kabisa, yenye rangi, palikuwa na picha ya chumba ambacho Jumatano ile sikukikanyaga. Nilikuwa shuleni! Siku nne nzima niliwaeleza watu jambo nililoliona kwa macho yangu, na sikuwapo.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, niliingia chumba cha walimu kunywa chai. Kikombe cha plastiki cha kijani kilikuwa mezani, kimewekwa juu ya rejista, kama kinavyokuwa kila siku. Nimekinywea miaka sita. Nilitoka nje bila kunywa.

Basi nikaanza kuishi na vitu viwili: simu iliyosema jambo moja na kichwa kilichosema jingine. Nilijua vizuri kilichotokea. Mara ngapi niliifungua ile kumbukumbu matangani? Kila kundi lililouliza "bilikuwa aje" lililegeza kiungo, na kila mara kilipokuwa kimelegea hivyo niliingiza kitu kidogo cha kunilinda, kikombe leo, kesho mkono, keshokutwa sauti, na seli zangu zikafanya kazi yao kwa uaminifu, zikatengeneza protini, zikakaza. Hazina njia ya kujua lipi ni la kweli. Zinakaza tu. Ndivyo ninavyofikiri ilivyokuwa, na sina wa kumlaumu. Sikuweza hata kujiita mwongo, maana ningalipenda kuwa mwongo: mwongo anajua njia ya kurudi.

Niseme wazi pia kwamba niliweka kidole kwenye sauti ile ya pili mpaka simu ikaniuliza kama nataka kuifuta. Nilifanya hivyo mara mbili, siku mbili tofauti. Hakuna aliyejua. Shemeji angekuwa anajua angeshasema zamani, nilijiambia, na kama amenyamaza basi ana sababu zake. Nikajiambia pia kwamba pengine mdogo wangu angekufa tu. Nikajiambia kwamba nikisema, nitakuwa nimemuua mara ya pili, na mara hii mbele ya watu. Kila sababu niliyoipata ilikuwa nzuri, na nilikuwa nimejaa aibu mpaka chakula kilinishinda. Nilitamani kuondoka mjini hata wiki moja tu. Niende wapi? Uwanja wa ndege umefungwa, benki zimefungwa, kila mtu Bukavu anatafuta mlango. Nikienda Nyawera kupanda moto, yaani pikipiki, dereva ananiita prof. Nikirudi nyumbani, jirani ananiita prof na kunionyesha mguu uliovimba. Nilimwambia aende hospitali. Alishangaa nilivyopaza sauti.

Misa ilisomwa Jumamosi asubuhi. Baada ya chakula wanawake walibaki uwanjani kuosha vyombo, watoto wakapelekwa kwa jirani, na sisi wanaume tukaingia sebuleni kwa shemeji: baba mkubwa, wazee watatu wa ukoo, na mimi. Wao walikaa kwenye makochi. Sijui ni nani aliyeniwekea kiti cha plastiki. Kiliwekwa kwenye pembe, kati ya kabati na meza, na meza ilipovutwa ili baba mkubwa anyooshe mguu wake mbovu, sikuweza tena kusimama bila kumwinua mtu. Shemeji alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, amekwisha kuvua nyeusi, amevaa kitenge kipya ambacho kilikuwa bado na mikunjo ya dukani. Kando yake kulikuwa na begi moja, limefungwa zipu.

Begi moja. Kupitia dirishani niliziona nguo za wasichana bado ziko kwenye kamba. Hakuwa amefunga chochote chao. Hakuna aliyekuwa amemtamkia uamuzi, naye alikuwa ameshaukubali, ameshafunga vitu vyake mwenyewe, kama mtu anayejua anastahili.

Simu ya mdogo wangu ilikuwa mfukoni mwangu. Niliichaji asubuhi ile. Sikujua kama niliibeba ili niitoe au ili nikitoka pale niitupe ziwani.

Baba mkubwa alikohoa. "Prof, uturudilishie ile historique ya ugonjwa. Bote basikie mara ya mwisho, kisha tumalize."

Nilifungua kinywa, na hadithi ikatoka yenyewe. Sikuhitaji kufikiri. Jumanne jioni, tumbo. Alirudi kazini ameinama. Alikataa kula. Wazee waliitikia kwa vichwa palepale walipozoea kuitikia. Nikafika Jumatano. "Asubuhi, mke wake..." nikasikia sauti yangu ikisema, na kikombe cha kijani kikainuka mbele ya macho yangu, kizuri, kina maji.

"Endelea," baba mkubwa alisema.

"Siwezi."

"Aje?"

"Kichwa yangu inasema mambo yenye haikufanyika."

"Uko mugonjwa?"

"Hapana, baba mukubwa. Mutu akirudilia jambo moja mara mingi, mu bongo zile protéine zinavunjika, zinajengwa tena, sasa..."

"Acha protéine," alisema. "Sema."

Mzee mmoja alicheka. Simu ilikwama mfukoni, nikalazimika kuivuta kwa mikono yote miwili, kiwiko kikigonga kabati. Niliiweka mezani. Nilisema, "Jumatano sikukuwa hapa. Sikieni hii," nikabonyeza.

Zilipita sauti tatu. *Niko nataka nimupeleke hôpital saa hii.* Halafu kile kicheko. *Tungoje kesho.* Halafu, *Weye njo unajua.*

Nje vyombo viliendelea kugongana kwenye beseni. Baba mkubwa alinitazama, akaitazama simu. "Weka tena," alisema. Niliweka tena. "Ule mwanaume ni nani?" Alijua. Alitaka niseme mwenyewe.

"Ni mimi."

Hakuna aliyenitukana. Ningefurahi. Nilibaki nimebanwa kwenye pembe ile, kabati huku, meza huku, nikingojea shemeji aseme alichokuwa anastahili kukisema mwaka mzima. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Alikuja mpaka mezani taratibu, lakini macho yake hayakuwa kwangu, yalikuwa kwenye simu.

"Tonton," aliuliza, "ile sauti ya kwanza, ni mimi?"

Nilidhani ananikejeli. "Ni weye, maman."

"Nilisema nimupeleke?"

Hapo nikaanza kuelewa.

"Nimeungama kwa padri," alisema, si kwetu hasa. "Mara tatu. Nilimuambia, ni mimi nilisema tungoje, ni mimi nilimuua. Akanipa malipizi, nikayafanya, na bado nilikuwa naona. Ile kikombe ya vert, ya kijani. Kila siku naiona mu mukono wangu." Alionyesha mkono wa kulia. "Niliitafuta mu jikoni yote. Sikuikuta. Nikafikiri nimeitupa juu ya hasira."

Hatua tatu kati ya godoro na kiti. Kila nilipoeleza, alisikia. Kila aliposikia, alikumbuka. Na kila alipokumbuka, akiwa na huzuni ambayo ingelegeza chuma, nilimwekea kikombe mkononi. Sikuharibu kichwa changu peke yangu.

Baba mkubwa alisimama kwa shida, akachukua kofia yake. "Maman," alimwambia, "urudishe ile sac mu chumba." Wazee walimfuata. Suala la Sange na la kiwanja halijatajwa tena hadi leo, na baba mkubwa hajanitupia neno tangu siku hiyo, hata la salamu. Matanga mengine yamepita katika ukoo. Kile kiti anakikalia mtu mwingine. Ni haki. Nami nikifumba macho, bado ni yeye ninayemwona kando ya kitanda. Najua si kweli kama ninavyojua jina langu, na bado namwona.

Lakini siku ile hakuondoka mezani. Alikaa kwenye kochi la baba mkubwa, akaisogeza simu karibu, akaniambia nimwonyeshe pa kubonyeza. "Siyo yako," alisema. "Pale kwenye nasema mimi." Nilimwonyesha. Sauti yake ikatoka kwenye kioo chenye ufa: tumbo inamuuma, upande ya kuume, niko nataka nimupeleke. Aliirudisha mwanzo. Akaisikiliza mara ya tatu, ya nne, ya tano, midomo yake ikiyafuata maneno, mpaka akaanza kuyasema kabla simu haijayasema.